Daftari la Molekuli

Siku Gaël alipomkanyaga Solange mguu katika soko kuu la Bunia, hakuomba hata msamaha. Alibaki kumtazama. Solange alivaa kikwembe cha bluu kilichomkaa vizuri hata wauza samaki wakanyamaza.

"Kaka, mguu yangu haiko njia."

"Pardon. Mawazo yangu ilikuwa mbali."

Yalikuwa Liège, kule Ubelgiji, alikosomea kabla vita havijamfungia nyumbani. Jioni ile, wakitembea polepole kama watu wasio na nchi inayoungua, alimweleza: gesi huwekwa ndani ya bomba, ikapigwa mwanga wa leza, na rangi zinazomezwa na gesi humwambia mtu atomu za molekuli zimeachana kiasi gani.

"Kitu haionekane, na weye unaipima?"

"Ile njo kazi yangu. Maji, kwa mufano: oksijeni iko katikati, haidrojeni mbili zinaishika, moja huku, moja huku."

"Na siye wawili?"

"Ile molekuli ni ndogo sana. Inaomba kupimwa karibu."

Solange hakuelewa nusu yake, lakini tangu siku hiyo aliupenda hata mwanga wa asubuhi ukutani kwake.

Mwezi wa tano 2003, Gaël alimwachia daftari lake la vipimo. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa amemwandikia ombi la ndoa, maana kusema kwa mdomo aliona haya. Kesho yake wenye bunduki wakaingia mtaani wakisaka ramani. Solange alifungua daftari katikati, akaona vidoti, mistari na namba. Nani angeamini kwamba si ramani ya maficho ya silaha? Akalichoma lote ndani ya mbabula, jiko lake la makaa, bila kufika ukurasa wa mwisho.

Gaël alipoambiwa kwamba daftari limechomwa, alisema tu, "Sawa." Akaondoka na waliokimbia kwa njia ya Boga, hadi Beni. Wiki sita Solange alimlilia, akimkasirikia na kumpenda.

Kisha akaitwa dukani kwa Mumbere, mwenye simu ya setilaiti.

"Solange? Ni Gaël."

"Bado unalilia vipimo yako?"

"Vipimo nitafanya tena. Nililia jibu yako."

"Jibu gani?"

"Ukurasa ya nyuma. Uliisoma, ukaichoma."

"Sikusoma kitu, chéri. Niliogopa watakuua. Uliandika nini?"

Mumbere alijifanya kupanga sabuni.

"Niliuliza kama utakubali nikuoe."

"Na unaniuliza mu telefone, Mumbere anasikia?"

"Asikie."

"Basi yeye njo shahidi: ninakubali. Kuja umuambie baba. Lakini sema na mudomo, Gaël. Usimuandikie."