Diski ya Bibi Theodora

Kila Jumamosi Salvina aliamkia kazi ileile: kukata majani ya ng'ombe kihambani, kwenye shamba lao la migomba, kuyafunga mzigo, kisha kuubeba kichwani hadi zizini. Jumamosi hiyo aliifanya mbiombio, akaoga, akashuka kutoka Kibosho hadi Majengo, mjini Moshi, kwa shangazi yake Bernadetha, fundi wa kompyuta. Mkobani alikuwa na diski aliyoifunga kwa kitenge kama mtu aliyebeba mayai.

Diski hiyo ilitoka kwenye kompyuta ya nyumbani iliyoungua. Ndani yake mlikuwa na sauti ya Bibi Theodora, aliyefariki mwaka jana, akisimulia maisha yake. Hapakuwa na nakala nyingine. Kesho yake ukoo mzima ungekusanyika kuweka msalaba kaburini kwake, na Babu Leodegar aliomba kitu kimoja tu: amsikie mke wake.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Kompyuta nzima hiyo hapo, umeme nimeshauchomoa. Pachika diski kama nilivyokufundisha. Mimi namalizana na mteja hapo nje.”

Salvina alikuwa msichana hodari, naye alijijua, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Aliisukuma diski mahali pake, akachomeka waya wa data bila taabu. Waya wa umeme ukamgomea. Kichwa cha waya huo, kile cha kuchomekea, kilikuwa kimepinda, na kila alipokielekeza kwenye diski, nyaya zake ziligonga ubavu wa kasha. Akakigeuza juu chini. Sasa nyaya zilipata nafasi, ila kichwa hakikutaka kuingia. Akakaza meno, akasukuma kwa dole gumba. Kikalia ‘ka’, kikaingia nusu.

Akajua ameharibu. Wakati huohuo shangazi akaingia.

“Umemaliza?”

“Ndiyo,” alijibu.

“Kumbe nina fundi mwenzangu,” alisema shangazi, akainama kuchomeka umeme ukutani.

Salvina alimfikiria Babu ameketi kesho kando ya kaburi, akisubiri bure. Akaogopa aibu, lakini hilo aliliogopa zaidi.

“Shangazi, usiwashe. Nimelazimisha waya. Kuna kitu kimevunjika.”

Mkono wa shangazi ukasimama. Alichomoa ule waya kwenye diski polepole, akamulika kwa tochi ya simu.

“Tumepona. Kilichovunjika ni plastiki ya waya, diski ni nzima. Ningewasha, umeme ungepita njia isiyo yake, na bibi yako angenyamaza moja kwa moja.”

Salvina alilia. Shangazi akamwacha alie kidogo, kisha akampa leso.

“Futa machozi, kazi bado. Waya huu una kichwa kingine, ila nacho kimepinda vilevile, na hapa sina waya mwingine. Tufanyeje, fundi?”

Salvina alilitazama lile kasha jembamba. Akakumbuka lango la zizi. Kila mara mzigo wa majani hukwama pale, na hakuna aliyewahi kulivunja lango. Unaugeuza mzigo, unapita.

“Shangazi, diski ikilala kifudifudi, itafanya kazi?”

Shangazi alitabasamu. “Itafanya. Jaribu.”

Akaitoa, akaigeuza, akairudisha. Kile kichwa cha pili kikaingia taratibu, chenyewe kabisa, nyaya zikielekea upande wenye nafasi. Shangazi alikagua, akawasha. Diski ikavuma. Faili la Bibi likatokea kwenye skrini, na Salvina akarukaruka mpaka mteja aliyekuwa nje akachungulia. Kabla ya jambo lingine lolote, walitengeneza nakala.

Jumapili, baada ya sala, spika iliwekwa kando ya msalaba mpya. Sauti ya Bibi ikasikika migombani: “Leodegar alinipenda sana, ila kukamua ng'ombe hajui mpaka leo.” Ukoo mzima uliangua kicheko. Babu alicheka kuliko wote, machozi yakimtiririka.

Ilipokwisha, alimwita Salvina, akamshika mkono.

“Shangazi yako amenieleza yote. Kuigeuza diski ni akili, nakupongeza. Lakini akili hiyo ingekuja tumeshaiunguza kama usingesema kweli kwanza. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa.”

Kisha akaketi vizuri kitini.

“Haya, mwanangu, rudisha mwanzo. Nataka anitanie tena.”