Pua ya Zawadi

Wiki ya mwisho kabla ya Nowruz, mwaka mpya wa Kiirani, soko la Tajrish halipitiki. Kila mtu anataka samaki mwekundu wa kuweka mezani mwaka mpya ukiingia, na anamtaka kabla ya jirani yake. Golnar aliinama kuchagua wake, mama mmoja akampiga kikumbo na kapu la vitunguu, miwani ikamponyoka puani na kuzama ndani ya beseni la samaki.

Mkono wa mwanaume ukazama nyuma yake, na koti la sufu na yote, ukaibuka na miwani huku maji yakichuruzika hadi kiwikoni.

"Samaki mmoja ameshaijaribu," mwanaume alisema. "Naona imemkaa vizuri."

"Mwachie basi. Mimi nauza miwani, dukani ipo mingine."

"Usivunge, dada. Bila hii hunioni, na mimi nimeloa kwa ajili yako."

Golnar akaivaa, akamwona. Kijana mrefu, ndevu zimechongwa, macho ya kuchekacheka, na pua iliyonyooka kana kwamba imepigwa rula. Pua ndiyo aliyoiona kwanza, maana kazi yake ni kuwavisha watu miwani na pua za watu hazimpiti. Yake mwenyewe ilikuwa ya marehemu baba yake, yenye kinundu katikati na ncha iliyoinama kidogo. Miwani ilipenda kukaa juu ya kinundu kile.

"Pua nzuri hiyo," alisema bila kufikiri, kisha mashavu yakamwaka moto chini ya mtandio wake wa kijani.

Kijana akacheka, lakini akageuza uso pembeni. "Naitwa Behdad. Nafundisha watu kuendesha gari. Ukitaka kufa mapema, njoo nikufundishe."

Golnar alikwenda. Hakujifunza sana kuendesha, ila alijifunza kwamba Behdad huimba vibaya kwenye foleni, kwamba humwita laazizi mbele ya madereva wanaomtukana, na kwamba hawezi kula kitu bila kumpa yeye tonge la kwanza. Siku za mapumziko walipanda njia ya mlimani kule Darband, wakila maharage ya kuchemsha yenye siki. Behdad alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache, mdomo wazi.

"Umechoka, babu?" Golnar alimtania.

"Naangalia mandhari."

"Mandhari yako nyuma yako."

"Basi nakuangalia wewe."

Simu zao zilianza asubuhi kabla ya chai. Golnar alikuwa amependa, na alijua, na alitembea mjini kama mtu aliyeficha habari njema mfukoni.

Kisha, Nowruz nyingine ilipokaribia, likaja lile la chakula cha mchana kwa Shangazi Mahin.

Tangu baba afariki, Golnar na mama yake walikuwa wakiishi ghorofa ya juu ya nyumba ya shangazi huyo, dada wa baba, bila kudaiwa hata senti. Shangazi Mahin alikuwa mjane mwenye mkono wazi, hereni za lulu asubuhi na jioni, na kijipua kidogo kilichobinuka juu ambacho daktari wake alimchongea zamani. Siku hiyo alipika mchuzi wa majani na maharage unaochukua asubuhi nzima, akampakulia Golnar mafungu ya nyama yaliyonona. Golnar, mtoto aliyelelewa vyema, akamshukuru inavyopasa.

"Shangazi, Mungu akuweke. Laiti ningekuwa na pua kama yako."

Ni maneno ya mezani tu. Ukienda kwa mtu unasifia zulia lake, vikombe vyake, hata paka wake, naye anakujibu kichukue, ni chako, wewe unasema hapana, mnacheka, chai inaletwa. Shangazi naye alijibu vilevile: "Hii? Ni yako, mwanangu." Wote wakacheka.

Lakini Shangazi Mahin hakuwa anatania. Kesho yake alikwenda kwa daktari wake akalipia, na akaomba siku ya kwanza baada ya sikukuu.

Golnar alikataa. "Shangazi, umejisumbua bure, haiwezekani."

"Usivunge, mwanangu."

"Kwa kweli siwezi kupokea kitu kikubwa hivi."

"Naapa kwa kaburi la kaka yangu, utapokea."

Akakataa tena jioni, mbele ya mama yake, na shangazi akamgeukia mama huku macho yamelowa. "Wifi, umemlea mtoto huyu. Ona anavyojua kukataa." Kila alivyokataa ndivyo alivyoonekana ana adabu, na kila alivyoonekana ana adabu ndivyo zawadi ilivyozidi kuwa yake. Golnar akapanda juu, akafunga mlango wa bafuni na kufungua bomba ili asisikike akilia.

"Mama, sitaki."

"Najua," mama alisema kwa sauti ya chini. "Lakini tumelala chini ya paa la nani?"

Kwa daktari Golnar alipelekwa na shangazi mwenyewe. Kwenye skrini akachorewa uso wake wenye pua nyingine, uso wa msichana ambaye angempita barabarani bila kumsalimia. Golnar alijikaza. Dukani kwake waliingia kila siku watu wenye plasta puani, miwani wameining'iniza kwenye paji la uso kwa utepe, maana pua mpya haibebi miwani kwa wiki nyingi. Alimjua mwalimu mmoja ambaye mwaka ulikuwa umepita na ncha ya pua yake bado ilikuwa imevimba, haina hisia. Alimjua dada mwingine aliyekuwa akirudi kisuni mara ya tatu, ili kurekebisha marekebisho.

"Daktari, ngozi yangu ni nene. Uvimbe utakaa muda gani? Na kupumua je? Na ikiharibika?"

Daktari akaweka mkono kifuani. "Mtoto wa Bibi Mahin ni mtoto wangu."

Shangazi akashukuru kwa niaba yake. Swali likabaki pale pale.

Usiku huohuo hakuweza kula. Asubuhi akampigia Behdad.

"Nikuulize kitu, usinidanganye."

"Uliza, roho yangu."

"Shangazi amenilipia nichongwe pua."

Honi zikasikika upande wake.

"Behdad?"

"Hongera," alisema. "Shangazi ana moyo mkubwa."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi? Lolote utakalofanya litakupendeza. Utazidi kuwa mzuri."

Kuzidi. Golnar aliliona neno hilo limesimama mbele yake kama bili. Kumbe kulikuwa na upungufu, na mwenye pua ya rula alikuwa ameuvumilia kimyakimya tangu siku ya samaki. Akakata simu. Ilipoita tena hakushika, wala siku iliyofuata. Hakuwa tena na mtu hata mmoja ambaye angeweza kusimama nyuma yake, na siku za sikukuu zikawa zinaisha upesi kuliko mwaka mwingine wowote.

Asubuhi ya siku yenyewe kliniki ilikuwa imejaa. Wasichana, wavulana, akina mama wenye maboksi ya keki za kuwapa wauguzi. Golnar alivalishwa gauni la kitambaa chepesi lisilofungika nyuma, akanyang'anywa miwani, na dunia yote ikawa ukungu. Shangazi alikuwa upande huu wa kitanda na hereni zake, mama upande ule na mkoba wa nguo. Katikati yao Golnar alihisi hana hata pa kugeuzia shingo.

Simu ikaita ndani ya mkoba. Mama akaangalia jina, akamwangalia shangazi aliyekuwa akizungumza na muuguzi mlangoni, kisha akaitia mkononi mwa binti yake.

"Niko chini, barabarani," Behdad alisema. Alikuwa anahema. "Dukani kwako wameniambia uko hapa. Usifanye, Golnar."

"Si ulisema nitazidi kuwa mzuri?"

"Nilisema kwa adabu! Ningesema nini? Mtu mzima wa kwenu ametoa zawadi, mimi nani wa kuikataa? Hata chai yenu sijanywa."

"Kwa hiyo ulikuwa unavunga."

"Nilikuwa navunga na roho inaniuma. Halafu hukushika simu." Akavuta pumzi kwa mdomo. "Sikiliza. Hii pua yangu unayoisifu sikuzaliwa nayo."

Golnar akaketi.

"Nilikuwa na miaka ishirini, marafiki zangu wote walikwenda, na mimi nikaenda. Sikuuliza nani atashika kisu. Sikuuliza kama nitapumua. Tundu la kushoto halipitishi hewa hadi leo, na harufu ya mkate sijaisikia miaka mingi. Madaktari wawili wameniambia kurekebisha ni kugumu kuliko kuchonga mara ya kwanza, na hakuna anayeniahidi kitu. Ulidhani kule Darband nilikuwa naangalia mandhari?"

"Mbona hukuniambia?"

"Kitu cha kwanza ulichokipenda kwangu ni hicho. Niliona haya." Sauti ilimkatika kidogo. "Kama wewe mwenyewe unaitaka, ifanye, nitakuja na supu kila siku mpaka uvimbe uishe. Lakini uitake wewe. Mimi ile yako naipenda. Nimeipenda tangu ilipodondosha miwani."

Golnar alikuwa analia na kucheka kwa pamoja muuguzi alipofika kitandani.

"Dada, umekubali kwa hiari yako?"

"Hapana."

Muuguzi akainua uso. Shangazi Mahin akacheka kwa upole. "Anaona haya. Ndivyo alivyolelewa."

"Hapana, Shangazi. Sitaki."

"Najua, mwanangu. Usiwaze gharama."

"Siwazi gharama. Sitaki."

"Muone na machozi yake ya shukrani," shangazi alimwambia muuguzi, na muuguzi, ambaye naye alikuwa na shangazi, akatabasamu na kuanza kumkunja nywele ndani ya kofia ya karatasi. Mama aliinamia mkoba. Golnar akaelewa kwamba angeweza kusema hapana mpaka jioni, na wangemlaza wakiisifu sauti yake. Ilihitajika kauli ambayo mtoto aliyelelewa hawezi kuitamka hata kidogo.

"Shangazi," alisema, "siipendi pua yako. Sijawahi kuipenda."

Mikono ya muuguzi ikasimama. Shangazi Mahin akagusa pua yake kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayehakikisha bado ipo.

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni. Naipenda ya baba."

"Na mimi nilikuwa nayo hiyo," Shangazi Mahin alisema.

Akachukua mkoba wake na kutoka. Hakuaga. Koo la Golnar lilijaa maneno ya kumrudisha, samahani Shangazi, nilitania Shangazi, na alijua akisema hata moja tu ataamka na pua nyingine. Akauma ulimi hadi hatua zilipopotea kwenye ngazi. Hakuwa amewahi kumpenda shangazi yake kama alivyompenda dakika ile.

Golnar alipovaa nguo na miwani yake na kushuka, Behdad alikuwa mlangoni mwa kliniki, shati limechomekwa upande mmoja. Akaitazama pua kwanza, kisha macho.

"Ipo," alisema.

"Ipo. Huenda nyumba ndiyo haipo."

"Kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yangu. Nimemvunja moyo mtu aliyetulisha miaka yote hii. Na nisingeweza kufanya vingine."

Behdad hakumwambia litapita. Alimfuta machozi chini ya miwani kwa mkono wa koti. "Nilipanga kuja na mama yangu na maua, tuanze kwa hali ya hewa, tufike polepole. Sasa sijui nimwambie nani. Nikwambie wewe?"

"Niambie. Bila adabu."

"Nataka kukuoa."

Mama alikuwa amefika ngazi ya mwisho na mkoba wa nguo, akasimama pale. Sote tunajua msichana hujibu nini hapo: huinamisha macho, husema wakubwa ndio wajuao, husubiri aombwe tena, na tena. Golnar akamtazama Behdad usoni.

"Ndiyo," alisema.

"Mara ya kwanza tu?" mama akauliza, na sauti ikamtetemeka. "Watu watasemaje, mwanangu?"

"Watasema nimekubali, Mama."