Kijiji Kilichojichoma Chenyewe

Kila Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, Chiriku alibandika makala mpya kwenye gazeti la ukutani la shule. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Jumatatu hii ubao ulibaki na nafasi tupu katikati. Uhakiki wake wa filamu iliyoonyeshwa shuleni Jumamosi ulikuwa mikononi mwa mwalimu wa Kiswahili, umejaa wino mwekundu.

"Hebu nisomee hapa," alisema mwalimu, amejishika kichwa.

Chiriku akasoma: "Filamu hii ya vita ni nzuri kwa upande mmoja, lakini kwa upande mwingine si nzuri sana. Wako watakaoipenda na wako wasioipenda."

"Sentensi za namna hiyo ziko tano! Mtoto wewe, ulikuwa ukumbini au ulipita njia tu? Kaandike upya, uniletee kesho."

Chiriku alitoka amefura kama andazi. Filamu yenyewe ilikuwa imemchosha: saa mbili na nusu za moshi na buti, na mpaka mwisho hakujua nani alimvamia nani, wala kwa nini. Lakini aliyeichagua ni mwalimu mkuu, tena aliisifu mbele ya wanafunzi na wazazi kwamba haikuegemea upande wowote. Nani angethubutu kumkosoa? Ndiyo maana aliona heri afunike kombe mwanaharamu apite.

Jioni alilibwaga daftari mezani, mbele ya bibi yake aliyekuwa akishona kifungo. Ujanani bibi alikuwa muuguzi wakati wa vita, na Jumamosi alikwenda naye kuitazama filamu hiyo.

"Bibi, wewe uliionaje?"

"Usinikumbushe! Nimekaa pale mgongo unaniuma, nangoja waseme neno moja la maana. Kijiji kimeungua, hakuna aliyekichoma. Watu wamekufa, hakuna aliyewaua. Kwani kijiji kilijichoma chenyewe?"

Chiriku aliangua kicheko. "Lakini mwalimu mkuu anasema haipendelei mtu."

Bibi aliweka sindano chini. "Mjukuu wangu, mimi niliwauguza majeruhi wa pande zote mbili, kitanda kwa kitanda, na sikumnyima mtu dawa. Huko ndiko kutopendelea. Lakini waliochoma zahanati yetu niliwaona kwa macho yangu. Nilipoulizwa, nilisema."

Usiku ule Chiriku aliandika kurasa mbili bila kuinua kichwa.

Siku ya pili, mwalimu wa Kiswahili aliusoma uhakiki mpya, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaubandika mwenyewe. Haukupita muda, mwalimu mkuu alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma. Akasoma. Akarudia.

"Nani kaandika haya?"

Chiriku alisogea mbele. "Ni mimi, mwalimu."

"Kwa hiyo niliwapotezea Jumamosi yenu?"

"Si yote, mwalimu. Yule mama aliyekimbia na kengele ya shule mgongoni nilimpenda sana, nimemtaja hapo aya ya tatu. Ila filamu haikutuambia alikuwa akimkimbia nani."

Wanafunzi wengine walisogea karibu. Mwalimu mkuu alivua miwani, akashusha pumzi ndefu.

"Hata mimi nilijiuliza hilo," alisema. "Nilikereka pale kitini kama nyinyi. Lakini nilikuwa nimeshaisifu, nikaona aibu kurudi nyuma. Mkubwa mzima!"

Akawageukia wanafunzi wote.

"Sikilizeni, wanangu. Mtu mwadilifu hutazama kila upande kwa haki, lakini hafumbi macho. Akishaona, husema alichokiona, kwa adabu, hata kama anayemsikiliza ni mkubwa wake. Anayesema 'huku sawa na kule sawa' ili asimuudhi mtu, huyo hajasema kitu. Nami leo nimefundishwa hayo na mwanafunzi wangu."