Mashine Iliyozibwa Mdomo

Marehemu alikuwa amelala juu ya meza ya chakula, kifuniko wazi, kioo cheusi ti. Waya wa chaja ulikuwa bado umechomekwa ubavuni mwake, lakini kile kitaa kidogo cha pembeni hakikuwaka. Inspekta alibonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akakishikilia mpaka ncha ya kidole ikaingia ganzi. Kimya vilevile.

Kituoni walikuwa wamemcheka. Ofisa mzima, nyota mabegani, anakwenda kuchunguza kifo cha kompyuta mpakato! Inspekta hakujali. Walimbandika jina la Kisiki kwa sababu wengi walishajikwaa kwake, na yeye alilipenda jina hilo kuliko cheo chake.

Tena hii haikuwa mashine ya kutazamia sinema. Mwenye nayo, mwanamke aliyeketi kando ya meza, aliitwa Kinanda tangu enzi zake za kwaya. Moto wa kiwanda cha magodoro ulimla koo na vidole. Sauti ikaenda, na katika mikono yote miwili kikabaki kidole kimoja tu cha kufanyia kazi. Fundi mmoja wa kompyuta alikusanya rekodi zake za zamani, nyimbo na soga za kwenye simu, akamtengenezea programu: Kinanda akiandika, mashine inasema, kwa sauti yake mwenyewe ya zamani.

Mchana huo alikuwa atoe ushahidi dhidi ya tajiri wa kiwanda. Siku ya moto, mlango wa nyuma wa kiwanda ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na wenzake walifia nyuma yake. Mahakama ilishaikagua mashine na kuikubali. Hakimu naye alikuwa amechoka kuahirisha, akasema wazi: shahidi asiposikika leo, kesi inafutwa.

"Jana jioni ilikuwa nzima?" Inspekta aliuliza.

Kinanda aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa makavu, yamejaa hasira.

"Nzima kabisa, afande," kaka yake akamjibia. Ndiye aliyekuwa akimlea, akimlisha na kumfunga bandeji. Zamani alikuwa bawabu wa kiwanda kilekile, na mtaa mzima ulimheshimu kwa kuvunja dirisha na kumtoa dada yake motoni. "Asubuhi kuiwasha, haiwaki. Vitu vya umeme hivi vina siku yake. Ni kazi ya Mungu."

"Mungu ana kazi nyingi. Nani aliingia humu usiku?"

"Hakuna."

"Funguo za nyumba anazo nani?"

"Mimi peke yangu. Nalala nazo shingoni. Tangu ule moto simwamini mtu."

Simu ya Inspekta ikalia. Ilikuwa sauti ya mkuu wa kituo, na haikuwa na salamu.

"Kisiki, rudi ofisini. Mashine imekufa, imekufa. Mwendesha mashtaka anataka tukubali yaishe."

"Mkuu, maiti yangu haijapimwa."

"Hiyo ni amri!"

"Nimeisikia, mkuu."

Kusikia alisikia. Kutii ni jambo jingine. Akaizima simu na kuitia mfukoni.

Fundi aliyeitengeneza ile programu aliingia na mkoba begani. Alikuwa msichana mwembamba, mdomo wake hauna breki.

"Nani kamuua mtoto wangu?" akauliza kabla hata ya kubisha hodi.

"Ndicho tunachotafuta," Inspekta akasema. "Anza na soketi."

Fundi alichomeka taa ya mezani kwenye soketi ileile. Ikawaka. Akaichukua chaja, akagusisha vijiti vya mita yake kwenye ncha.

"Volti kumi na tisa. Chaja nzima, inatoa umeme kama kawaida."

"Tundu lenyewe?"

Akamulika tochi. "Safi. Nilitegemea vumbi, au pini iliyopinda." Akaigeuza mashine tumbo juu, ghafla akanyamaza, na kwake kunyamaza lilikuwa jambo la ajabu. "Afande, hii imefunguliwa. Hizi skrubu nilizifunga mimi. Tazama, hii imekwaruzwa kichwa. Na hii..." Akaisugua kwa kidole, kikatoka cheusi, kinateleza. "Grisi! Nani anapaka laptopu grisi? Hii ni baiskeli?"

Inspekta aliifuta skrubu moja kwa kipande cha pamba, akakitia kwenye mfuko wa vielelezo na kuufunga. Kaka mtu alikuwa amesogea hatua kuelekea mlangoni, na hilo pia aliliona.

"Fungua," akaamuru.

Kifuniko cha chini kikatoka. Fundi akainama, akapiga mluzi.

"Betri imechomolewa kwenye ubao. Na ule waya mdogo unaotoa umeme kwenye tundu la chaja kuuleta hapa ndani haupo kabisa. Umeng'olewa. Kwa hiyo chaja inaleta, lakini umeme hauna pa kupitia, na betri nayo imetengwa. Ungebonyeza mpaka uote kutu."

"Na kumbukumbu yake? Sauti yake?"

"Haijaguswa. Hapo ndipo ninaposhangaa. Mtu wa kuua angemwagia maji tu, shughuli ikaisha. Huyu kaufungia njia, halafu kawa mwangalifu asivunje kitu."

"Waya kama huo unao?"

"Dukani nina mashine mbovu za aina hii. Naufuata sasa hivi." Akatoka mbio.

Inspekta akazunguka nyumba taratibu. Kulikuwa na kufuli kwenye mlango wa mbele, kufuli kwenye kabati la vyombo, hata bomba la maji uani lilikuwa na kufuli. Akagusa moja, kisha nyingine. Vidole vyake vikatoka vyeusi, vinateleza.

"Kufuli zako unazitunza," akasema kwa upole.

Uso wa kaka mtu ukachangamka kidogo. "Kufuli isiyopakwa grisi hukusaliti siku ya shida, afande. Bawabu wa kweli hafungi kitu bila..."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Sentensi ikamfia mdomoni.

"Malizia," Inspekta akasema. "Hafungi kitu bila kukipaka. Hata skrubu."

"Huo si ushahidi."

"Maabara watasema kama grisi ni moja. Mimi nina haraka zaidi yao. Waya uko wapi?"

"Una kibali cha kunipekua?" Alisimama wima, kifua mbele. "Huna! Basi nipishe. Mimi ndiye niliyemtoa motoni. Mimi ndiye ninayemlisha. Wewe ulikuwa wapi?"

"Kibali sina. Nina yeye."

Kinanda alikuwa ameinuka. Akamwendea kaka yake, akanyoosha ule mkono wake wenye makovu, kiganja juu. Hakuushusha. Kaka akatazama dari, akatazama sakafu, akatafuta pa kutazama akakosa. Mwisho akaingiza mkono ndani ya shati, akavuta kamba ya funguo. Katikati ya funguo, umekunjwa vizuri, ulining'inia waya mdogo.

"Tajiri alikulipa nini?" Inspekta aliuliza.

"Sijanunuliwa!" Akapaza sauti hadi madirisha yakatetemeka. "Tajiri simtaki hata kwa dawa!"

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu ule mlango niliufunga mimi."

Bomba la uani lilikuwa likidondosha maji, wote wakalisikia.

"Tajiri ndiye aliyeamuru, eti wafanyakazi wanapitisha mali nyuma. Nikafunga, nikapaka grisi kama kawaida yangu. Moto ulipolipuka nikatimua mbio. Nimefika barabarani, ndipo nakumbuka kwamba mdogo wangu yumo ndani na ufunguo uko mfukoni mwangu. Niliporudi mlango haugusiki kwa moto. Nikavunja dirisha, nikamtoa yeye peke yake. Watu wakanibeba mabegani, wakaniita shujaa. Ungefanya nini, afande, ukiwa juu ya mabega ya watu?"

"Ningeshuka."

"Rahisi kusema! Aliniona nikifunga. Angelisema leo mbele ya wajane. Kumdhuru yeye siwezi, hata nywele. Nikainyamazisha mashine, kesi ifutwe, halafu waya ningeurudisha. Naapa ningeurudisha."

Fundi alirejea akihema, waya mkononi, akakuta mwingine umeshapatikana. Hakuuliza. Akaurudisha wa asili mahali pake, akachomeka betri, akaunganisha chaja. Kitaa cha pembeni kikawaka rangi ya chungwa. Akabonyeza kitufe, kioo kikapata uhai.

Kinanda aliketi. Kidole kimoja kikaanza kudonoa herufi, polepole, bila kusita. Kisha sauti nzito na tamu ya mwimbaji wa kwaya ikajaza chumba.

"Nilijua tangu hospitali. Kila uliponilisha, nilingoja useme mwenyewe."

Kaka akajifunika uso.

"Mlango ulifungwa kwa amri yake na kwa mkono wako. Leo nasema vyote viwili."

"Mdogo wangu, watanifunga!"

Kidole kikadonoa tena.

"Wewe watakufungulia siku moja. Wenzangu hawakufunguliwa."

Inspekta alimtia pingu kaka mtu, naye hakugoma. Kisha akaiwasha simu na kumpigia mkuu wa kituo.

"Mkuu, mwambie hakimu shahidi yuko njiani. Na mtuhumiwa wa pili pia."

"Nilikuamuru urudi!"

"Nitarudi, mkuu. Nikipitia mahakamani."

Mchana huo chumba cha mahakama kilifurika. Tajiri alikaa mbele, suti imenyooka, akitabasamu mpaka mashine ilipotamka jina lake. Wakili wake akaruka, akaomba sauti ya kitu kile ipunguzwe, eti inamsumbua mteja wake kichwa.

Kinanda alimtazama. Akanyoosha kile kidole chake kimoja, akaipandisha ile sauti.