Kwa Nini Chiriku Aliacha Kunywa Maji

Kabla ya kuwasha jiko, mama alipitisha mkono chini ya blanketi la bintiye. Palikuwa pamelowa tena.

"Jamani, Chiriku! Hata leo?"

Mtoto alijikunja. Alikuwa na miaka saba. Nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Alizungumza na kuku, na mswaki, hata na viatu vyake. Lakini asubuhi za namna hii alikuwa kama bubu.

Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, aliingia. Aliliona shuka. Alilibeba godoro akaliegemeza nje, kando ya njia.

"Wapita njia walione," alisema. "Aibu itamfundisha. Huo ni uvivu tu wa kuamka."

Mama hakupenda, ila hakulirudisha ndani. Alikuwa na sare nyingi za wateja za kushona. Aliketi kwenye cherehani, akasimama, akachungulia dirishani, akaketi tena. Watoto wa shule walisimama mbele ya godoro, wakaziba pua, wakacheka. Chiriku alipita katikati yao, macho chini. Mama akaushona mkono wa shati nje ndani. Akafumua. Akashona tena, akaukosea tena.

Siku zilizofuata mama hakuwa na raha kabisa. Chiriku alirudi shuleni na chupa yake ya maji ikiwa imejaa vilevile. Chai hakuigusa. Akienda chooni alikawia, akatoka amekunja uso.

"Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, mama."

Jumamosi mchana, jua likiwa kali, Chiriku alikuwa akiruka kamba uani na wenzake. Ghafla alipepesuka, akaenda chini. Hakuinuka.

Mama alitoka mbio, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Jirani yao, muuguzi wa kliniki ya watoto, alikuwa anaanika nguo. Alimbeba mtoto hadi kivulini. Chiriku alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Umekunywa maji leo?" muuguzi alimuuliza.

"Hapana."

"Jana je?"

"Kidogo tu." Machozi yalianza kumtoka. "Nisipokunywa, godoro halitalowa. Baba hataliweka nje."

Mama aliutupa utepe, akamkumbatia.

Walimkimbiza kliniki. Mkojo ulipopimwa, ulionekana una maambukizi. Chiriku alipewa dawa, akanyweshwa maji kidogo kidogo. Mama alizunguka ukumbini huku na huku. Kila mlango ulipofunguliwa, roho ilimruka.

Walirudi nyumbani jioni, hali ya mtoto ikiwa nafuu. Muuguzi alikuja kuwajulia hali. Baba alikaa ukingoni mwa kiti, goti likimchezacheza.

"Shemeji, mtoto huyu hafanyi makusudi," muuguzi alisema. "Anakuwa amelala fofofo. Kibofu kikijaa, mwili wake bado haujajifunza kumwamsha. Wengine huwahi kujifunza, wengine huchelewa. Adhabu haikomazi kibofu. Inaleta hofu tu."

"Kwa hiyo tumnyime maji?"

"La! Mchana anywe vizuri, tena mara kwa mara. Jioni ndipo apunguze kidogo, na aache chai na soda. Aende chooni kabla ya kulala. Hata shuleni asikae amebanwa. Tandikeni plastiki chini ya shuka. Akilowesha, msaidieni kubadilisha, basi. Msimgombeze. Lakini akisikia maumivu, au kiu isiyokwisha, au akianza tena baada ya kukaa kavu muda mrefu, mleteni kliniki."

Kisha akauliza, "Mara nyingi jambo hili hutembea kwenye ukoo. Yupo mwingine?"

"Kwetu hakuna!" mama alijibu upesi.

Baba alikohoa. Akatazama dari. Akatazama kucha zake.

"Mpaka darasa la nne," alisema.

"Nani?"

"Mimi."

Mama alimtolea macho. "Na bado ukapata moyo wa kuweka godoro la mwenzio njiani!"

"Mzee wangu alinifanyia hivyohivyo. Nilidhani ndiyo njia. Ila haikunisaidia kitu."

Aliinuka, akaenda kukaa kitandani kwa Chiriku.

"Mwanangu, nimekukosea. Hata mimi nilikuwa nalowesha."

Chiriku alimkagua toka juu hadi chini. "Wewe, baba? Na masharubu yote hayo?"

Tangu siku hiyo waliyafuata maneno ya muuguzi. Hakuna aliyemgombeza tena. Asubuhi za kulowa zilipungua, zikawa za nadra. Hata hivyo mama aliendelea kuamka roho juu juu.

Likizo ilipofika, shangazi alimwalika Chiriku akalale kwake. Mama alitaka kukataa. Baba akasema, "Mwache aende."

Kesho yake asubuhi simu ililia. Mama aliidaka.

"Wifi, amelowesha?"

"Amelowesha, ndiyo," shangazi alisema, akijizuia kucheka. "Lakini hebu nikwambie. Kaja mwenyewe mpaka jikoni. Kasema, 'Shangazi, shikamoo. Kibofu changu bado kiko shule. Naomba shuka safi, tutandike wote.'"

Mama alikaa chini palepale sakafuni, akacheka mpaka akatokwa na machozi.