Kufuli Lisilokatwa

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumanne ya mwisho ya Oktoba, askari wa doria ya mpaka Craig Tidwell alifungua milango ya nyuma ya tela la mahindi, kando ya barabara ya mashamba nje ya Agua Mansa, kusini mwa Texas. Nyuma ya ukuta wa magunia walikuwa wamekaa watu sita, magoti kifuani, midomo imewapasuka kwa kiu. Mwanamke mmoja alikuwa amejikojolea, na mwanga ulipoingia alifunika uso kwa aibu. Dereva, Ubaldo Cantú, alisimama kando ya pikapu yake mikono juu. Ripoti iliandika neno lake moja tu: "Hawa ni nani?"

Jopo la raia kumi na wawili halikumwamini. Alihukumiwa miezi arobaini na mmoja kwa kusafirisha wahamiaji kwa siri.

Wakili wake akakata rufaa. Hakubishana kama watu walikuwemo ndani ya tela. Alibishana kama Tidwell alikuwa na sababu ya kulisimamisha. Majaji watatu wa rufaa waliandika kurasa ishirini na mbili kuhusu tela kukaa chini nyuma na dereva kukaza shingo. Mwishoni wakairudisha kesi kwa jaji wa kwanza asikilize upya jambo moja: askari yule aliona nini hasa kabla ya kuwasha taa zake? Wakati huo Ubaldo alikuwa amekwisha kukaa ndani miezi kumi na minne.

Delfina Urrutia, mpelelezi wa ofisi ya mawakili wa utetezi, alizisoma kurasa zile akiwa amesimama, kahawa mkononi, na kahawa ikamshinda. Alikuwa amefanya kazi ya polisi miaka kumi na tisa kabla ya kuhamia upande wa pili. Kurasa ishirini na mbili, na hakuna hata mmoja aliyeuliza watu wale waliingiaje mle.

"Tuna siku kumi na moja," alisema Rosalba Zertuche, wakili wa Ubaldo. "Stopu, yaani kule kusimamishwa kwa tela, ikianguka, kila kitu kinaanguka, Ubaldo anarudi kwake. Isipoanguka, anamaliza kifungo."

"Basi nipe picha zote."

Alizitandaza mezani. Ya kwanza ndiyo iliyomfunga Ubaldo. Kila jioni askari wa doria huburuta matairi kwenye njia za vumbi ili zilainike, na asubuhi husoma nyayo za waliopita. Tidwell aliapa kwamba saa kumi na mbili na dakika kumi alikuta nyayo mpya za watu sita zikiishia penye alama za magurudumu ya tela, ndipo akalifuata. Picha ilionyesha nyayo zile waziwazi, mistari ya soli ikionekana mmoja mmoja.

Ya pili ilipigwa nusu saa baadaye. Watu sita wameketi kando ya lami, miguu wameinyoosha mbele. Delfina aliinama. Wote sita walikuwa wamevaa, juu ya viatu vyao, soksi nene zilizoshonewa vipande vya zulia chini, zile ambazo watu wa kule mpakani huvaa ili wasiache nyayo.

"Rosalba, njoo uone uchafu huu. Watu wana zulia miguuni, wameacha alama za soli namna gani?"

"Labda walizivaa baadaye."

"Ndani ya tela, gizani, baada ya kumaliza kutembea? Ili wasichafue mahindi?"

Delfina alichukua picha ya tatu, ya vielelezo. Ndani ya mfuko wa plastiki kulikuwa na kufuli la shaba, jipya, zima. Ripoti ilisema milango ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Haikusema nani alilifungua. Akatafuta orodha ya jela ya vitu alivyokutwa navyo Ubaldo saa tatu na robo asubuhi ileile: pochi, rozari, kiberiti, kisu cha kukatia kamba, ufunguo wa pikapu. Ufunguo mwingine haukuwepo.

"Tidwell hakuona nyayo," Delfina alisema. "Aliambiwa. Na aliyemwambia alimpa na ufunguo."

Mahindi yale yalikuwa ya kulishia paa wa mawindo. Yalitoka ghala la mwajiri wa Ubaldo, Evaristo Benavides, aliyeitwa don kwa heshima, kwenda ranchi ya La Espuela, ambako msimamizi alikuwa Plutarco Ochoa. Mjini kila mtu alimnyooshea kidole Plutarco, kwa sababu mwezi uleule wa tukio alinunua gari jipya. Delfina alimkuta zizini, akimpiga sindano ndama.

"Nimesikia umetajirika, Plutarco."

"Nimemuuza mama mkwe wangu, dada. Kwa kilo." Hakuinua kichwa. "Mvua ya mawe ilivunja lile gari la kwanza, bima ikalipa. Barua iko jikoni, nenda kaisome, halafu uwasomee na wale wambea wa kanisani."

"Ufunguo wa tela unao?"

"Ninao. Ghala linafunga, mimi nafungua. Dereva hapewi. Zamani magunia yalikuwa yanapungua njiani, don Evaristo akaweka sheria hiyo. Hata angekuwa mtoto wake wa kumzaa, hapewi."

Akamchomolea ufunguo kutoka kwenye pete yake bila kuombwa mara ya pili. Barua ya bima ilikuwepo jikoni, na tarehe zilikuwa sawa. Alasiri hiyo, mbele ya karani wa vielelezo mahakamani, Delfina aliuingiza ufunguo wa Plutarco katika kufuli la shaba. Uliingia nusu, ukagoma. Karani akajaribu naye, kisha akaandika na kupiga mhuri.

Siku iliyofuata alikwenda ghalani. Don Evaristo alikuwa mzee wa miaka sitini na minane, shati limepigwa pasi, kofia ya nyasi. Alikuwa amemsimamia ubatizo binti wa Ubaldo, kwa hiyo yeye na Ubaldo waliitana compadre, na huko hilo ni zaidi ya undugu wa damu. Tangu Ubaldo afungwe, kila Jumamosi alimpelekea mke wa Ubaldo, Nohemí, mkate mtamu na nyama. Hata ada ya shule ya mtoto alilipa. Ukutani nyuma ya meza yake zilitundikwa picha za wageni wa mawindo waliokodi vibanda katika ardhi yake, kila mmoja ameshika pembe za paa. Katika picha ya tatu kutoka kushoto alikuwa Tidwell, akicheka.

"Huyu naye ni mteja, don Evaristo?"

"Mteja gani, mwanangu? Askari wetu hao, wanatulinda. Mtu wa serikali humtozi."

"Ubaldo alikuwa na ufunguo wa tela?"

"Hasha! Miaka ishirini sasa hakuna dereva wangu aliyewahi kushika ufunguo. Mimi na La Espuela tu. Mimi compadre wangu namlilia kila siku, lakini kama unatafuta mwizi, mwulize Plutarco gari kalipata wapi."

"Unaweza kuniandikia hayo?"

Aliandika kwa mwandiko mzuri, akatia saini na tarehe. Akamshikisha Delfina mfuko wa mkate. Delfina aliuacha juu ya pipa la takataka la kituo cha mafuta.

Kesi ilisikilizwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Gari la gereza lilikuwa limeharibika njiani, na Ubaldo alikubali kwa maandishi kuwakilishwa na wakili wake. Nohemí aliketi benchi la mbele.

"Afisa Tidwell," alianza Rosalba, "soli hizi katika picha ni za nani?"

"Za wale wahamiaji."

Akamwekea picha ya pili mbele yake.

"Walizivaa baadaye, nadhani."

"Unadhani. Na kufuli, nani alilifungua?"

"Dereva alinipa ufunguo."

"Uko wapi?"

"Nilimrudishia."

Rosalba akasoma orodha ya jela, kitu kimoja kimoja. Tidwell akasema pengine ulianguka. Jaji, aliyekuwa akiandika, aliacha kuandika.

Karani akathibitisha kwamba ufunguo wa La Espuela ulikataa. Kisha aliitwa don Evaristo, ambaye alikuwa amejitolea mwenyewe kusema mema ya compadre wake. Mashahidi walikuwa wamewekwa nje; hakujua Tidwell amesema nini. Aliapa, akamsalimu Nohemí kwa kichwa, akaeleza jinsi Ubaldo alivyokuwa mchapakazi.

"Kufuli hili ni mali yako, mzee?" Rosalba aliuliza. "Karani hawezi kulirudisha bila mwenyewe kulitambua."

"Ni langu. La zamani lilishika kutu, nikanunua hili wiki ileile." Na kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake, akatoa pete ya funguo mfukoni, akachagua mmoja, akaufungua mkono wa kufuli mbele ya mahakama nzima.

"Lilikuja na funguo ngapi?"

"Mbili."

"Mmoja ni huo. Wa La Espuela hukuwapelekea, na dereva hapewi. Umeandika hapa na kutia saini. Wa pili ulimpa nani?"

Don Evaristo alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Akasema hakumbuki. Jaji akaamuru asitoke jengoni na Tidwell arudishwe kizimbani. Tidwell hakurudi. Aliomba wakili. Ilipofika saa nane mchana, alikuwa ameuza kila alichokijua ili apunguziwe adhabu: ujumbe wa simu wa saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili alfajiri, ufunguo ulioachwa ndani ya kibanda cha mawindo, na picha ya nyayo za siku nyingine.

Delfina alimkuta don Evaristo kwenye chumba cha mashahidi, maafisa wawili mlangoni.

"Sita," Delfina alisema. "Ulichukua nauli yao, ukawafungia, ukampigia simu askari."

"Nilimpa sita apate sifa kazini. Matela mengine mawili yalipita barabara ya pili, wakati doria iko huku, na watu arobaini. Arobaini walifika, mwanangu. Hilo hulihesabu?"

"Na Ubaldo? Una madereva watano. Kwa nini compadre wako?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Sasa ningempeleka nani? Wale wengine, watoto wao wangelishwa na nani? Wa Ubaldo nilijua nitawatunza. Nimekosa Jumamosi hata moja? Mwulize mama yake mtoto."

Nohemí alikuwa mlangoni, nyuma ya maafisa. Alikuwa amesikia. Aligeuka, akatembea hadi kwenye ndoo ya taka ya ukumbini, akatapika, mkono umeshika ukuta. Delfina alimshika bega.

"Miezi kumi na minne nimemwombea huyu mtu," Nohemí alisema. "Nimemwandikia Ubaldo kila wiki, compadre anatutunza, compadre anatutunza. Mwanangu anamwita babu."

Saa kumi jioni jaji alitamka kwamba askari hakuwa na sababu ya kweli aliyothubutu kuieleza ya kusimamisha gari, na hukumu ikafutwa. Hakumtaja yeyote wa wale sita. Walikuwa wamekwisha kurudishwa makwao, na kesi haikuwa yao.

Alhamisi, saa nne asubuhi, lango la gereza lilifunguliwa. Ubaldo alikuwa amekonda, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mshipi ulipotea. Alimkumbatia mke wake kwa muda mrefu, akampa Delfina mkono, akamshukuru. Kisha akatazama maegesho yote, gari kwa gari.

"Compadre yuko wapi?" aliuliza. "Hajaja? Nilitaka yeye ndiye nimshukuru kwanza, kabla ya kufika nyumbani."

Delfina alifungua mdomo, lakini Nohemí alimtangulia.

"Ingia garini, Ubaldo," alisema. "Funga mlango. Nina la kukwambia."