Rangi Mbili za Chumba cha Mama

Duka lilikuwa limejaa mafundi wenye haraka pale kijana mgeni, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi hadi kwenye kola, alipopenya mpaka kaunta na kuweka kadi mbili za rangi mbele ya msichana wa kuchanganya rangi.

"Dada, nisaidie. Nichukue ipi?"

Msichana alifuta mikono kwenye aproni. "Hii kijivu. Hii kijivu iliyoingiwa na bluu. Ni ya wapi?"

"Chumba cha mama. Yuko hospitali, atarudi nyumbani."

"Na wewe kazi yako?"

"Fundi saa."

"Makubwa! Skrubu ndogo kama yai la chawa unaiona, bluu huioni?"

Wakacheka, huku foleni nyuma ikiguna. Kijana aliondoka na kopo dogo la kila rangi, na namba ya simu ya msichana.

Tangu hapo simu hazikukatika.

"Mpenzi, kijivu asubuhi inapendeza, jioni inanuna."

"Basi paka ile ya bluu."

"Hiyo nayo ina baridi."

"Sema tu unataka nije."

"Na hilo pia, kipenzi."

Akitoka kazini msichana alikwenda kwake, amevaa gauni lake la njano, wakasimama wameshikana viuno mbele ya ukuta uliojaa viraka vya rangi, wasiamue lolote. Viraka vikaongezeka. Utani ukachuja.

"Unanichezea!" msichana alimfokea siku moja kwenye simu. "Asiyeweza kuchagua ukuta, mke atamchagua lini?" Akakata.

Kesho yake namba ileile ilipiga. Sauti ilikuwa ya mwanamke aliyechoka.

"Binti yangu, mimi ndiye mwenye chumba. Kijana wangu ameenda kuniletea maji, kaacha simu. Madaktari hawana tena la kufanya. Wameniambia nikapumzike nyumbani, na yeye anajua maana yake. Aliniahidi ukuta ukikauka tu, atanipigia nije. Ndiyo maana haumalizi. Msaidie, mama."

Msichana aliomba ruhusa kazini, akaenda. Alimkuta fundi saa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda kitupu.

"Nisamehe, mpenzi," msichana alisema.

"Huna kosa. Tofauti ya zile rangi niliiona tangu siku ile dukani."

"Najua sasa."

"Nikimaliza ukuta huu..." Msichana alifungua kopo kubwa la kijivu yenye bluu alilokuja nalo kutoka dukani, bila kuuliza, akampa brashi.

"Wewe chini, mimi juu."

Walipaka ukuta wote. Alasiri ukuta ulikuwa ukuta tu, haukumponya mtu. Kijana aliupapasa kwa kiganja, kutoka kona hadi kona, akitafuta hata doa moja bichi. Hakulipata.

Akachukua simu. Msichana akamshika kiwiko.

"Mama," alisema. "Umekauka. Njoo."